Obdulia Cantú na Dakika Tatu za Wanawake wa El Mezquital

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, na mpaka leo mlango ukibishwa tunangoja kuisikia salamu yako: "Karibu. Umepima?"

Hukuwa na salamu nyingine. Uliwauliza wageni kwenye sherehe ya binti wa jirani alipotimiza miaka kumi na tano, kabla hata keki haijakatwa. Padri Eleuterio alipokuja kuibariki nyumba, ukamgeukia, "Padri, dada zako wamepima?" Maskini, maji ya baraka yakamwagikia viatu vyake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulijua swali lilikotoka. Mama mdogo Amparo, mdogo wako, alikufa na miaka thelathini na nne kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo kipimo cha dakika chache kingeiona mapema. Mtaani kwetu El Mezquital, karibu na mpaka, hapakuwa na kliniki. Hospitali iliyokubali kumpokea ilikuwa kaskazini, ng'ambo ya kizuizi ambapo maafisa wa uhamiaji hukagua kila gari, na Amparo hakuwa na makaratasi. Ulilia siku zote tisa za novena, sala za kumwombea marehemu. Ya kumi ukafunga aproni, ukaanza kugonga milango.

Uligonga miaka sita, hadi kliniki ya wanawake ikafunguliwa kwenye jengo la zamani la kufulia nguo. Ikawa na vipimo, dawa za uzazi wa mpango, mkunga, na daktari asiyemkatiza mwanamke maneno. "Azae au asizae, na lini, ataamua mwenye tumbo," ulisema mbele ya Baba, naye akajifanya anatengeneza redio.

Bunge la jimbo lilipoleta muswada wa kuzifutia vibali kliniki ndogo kama yetu, jikoni kwako pakawa ofisi. Wanawake walipaka unga wa tamale, vile vyakula vyetu vya kupikwa kwa mvuke, kwenye maganda ya mahindi huku wakisimulia yaliyowapata. Wasio na makaratasi hawakuweza kukipita kile kizuizi, kwa hiyo wenye makaratasi waliwabebea maneno yao hadi bungeni, mwendo wa saa tano kwa basi. Kila shahidi hupewa dakika tatu tu, nawe uliwafanyisha mazoezi kwa ile saa yako ya kupikia mayai.

"Anza na jina!" ulimfokea Nicanora, mama yangu wa ubatizo. "Takwimu wanazo. Majina hawana."

"Obdulia, si uniache basi nipumue?"

"Utapumua dakika ya nne."

Na ni huyohuyo Nicanora, safari ya kwanza, aliyepewa kadi ya shahidi yenye visanduku viwili, kuunga mkono muswada au kuupinga, akatia alama kwenye kuunga mkono. Jina lake likasomwa pamoja na wanaotaka kliniki ifungwe!

"Mimi naiunga mkono kliniki yangu!" alipiga kelele.

Ukasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyo ni wetu. Mpeni kadi nyingine." Ukumbi ulicheka, lakini kadi ikaletwa. Tangu hapo ulizikagua kadi zote koridoni, moja moja, miwani puani.

Muswada ulianguka. Ukarudishwa, ukaanguka tena. Ulipokuwa kitandani, moyo umechoka, ukaniambia, "Watauleta tena, Yadira. Na wewe acha kujificha nyuma ya usukani." Ulinijua. Miaka yote niliendesha basi na kuwasubiri nje, kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hukauka.

Wameuleta, Mama, mwezi Machi. Kaka Leobardo aliendesha, nami nikaingia ndani na saa yako mfukoni. Nilianza na jina: Amparo. Kisha lako. Kisha maneno ya jirani ambaye hatuwezi kumtaja, aliyenikabidhi akikunja tamale. Nilimaliza sekunde nne kabla ya muda. Nicanora akafuata, kadi yake imejazwa sawasawa. Alikuwa amemwonyesha hata mlinzi wa mlangoni. Muswada uliangushwa kwa tofauti ya kura mbili. Wakiurudisha watatukuta, saa tunayo na unga upo.

Tulipokuwa njiani kurudi, Nicanora akageuka kwenye kiti. "Haya, mwanangu. Wewe umepima?"

Basi zima likanigeukia. Miaka minane nimewapeleka wanawake wenzangu kliniki, mwenyewe nikikukwepa kwa kisingizio cha kazi. Niliogopa, Mama. Sasa nalisema hilo mbele ya wote.

Jumatatu nikaenda. Kliniki ilikuwa wazi kwa sababu ya dakika tatu tatu zenu. Waliona seli zilizoanza kubadilika, zile zile ambazo hakuna aliyeziona kwa Amparo. Zilikuwa bado chache. Daktari ameziondoa, na wiki iliyopita ameniambia nimepona.

Nimepima, Mama.

Unakumbukwa na mume wako Fermín, ambaye redio yake haijapona bado, wanao Yadira na Leobardo, wajukuu wako Itzel na Ramiro, Nicanora, na wanawake wote wa El Mezquital, wenye makaratasi na wasio nayo. Wewe hukumsahau hata mmoja wetu. Nasi hatutakusahau kamwe.