Kompyuta ya Karani Aliyetoweka Urambo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Majidi Mrisho Kaseko. Umri: miaka 63. Kabila: Mmanyema. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi redio. Makazi: Ng'ambo, Tabora. Tarehe 15/11/2025, saa 3:40 asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, nami naomba niseme upesi kwa sababu muda hautoshi.

Redio natengeneza kwa riziki. Kompyuta za zamani, zile za kioo cha kichogo, nazifufua kwa mapenzi tu. Marehemu mke wangu alikuwa akiniita fundi wa maiti.

Mnamo tarehe 3/11/2025 alifika kibandani kwangu Bi Nyamizi, mkulima wa tumbaku wa Urambo, na kompyuta iliyofungwa kwa kanga. Ilikuwa ya mumewe, Deus, karani wa mizani, aliyetoweka mwaka 1998. Alisema, "Fundi, kama kuna neno lake humo, nataka kulijua kabla sijafa." Nilisafisha bodi kwa spiriti, nikabadilisha kapasita zilizovimba. Nikamwambia aje Jumamosi, yaani leo.

Nina desturi ambayo sasa naijutia. Mashine ikikaribia kuamka, huwaita majirani baada ya swala ya Ijumaa, tunywe kahawa, nami nisome kwa sauti chochote kitakachotokea kwenye kioo.

Jana saa 8:30 mchana tulikuwa wanne: mimi, Saidi muuza kahawa, Bi Zuwena mshonaji, na Erasmus, jirani yangu wa miaka ishirini. Zamani Erasmus aliendesha lori la tumbaku huko Urambo. Hilo lilikuwa limenitoka kichwani kabisa.

Mashine iliwaka, wakapiga makofi. Ndani mlikuwa na barua moja. Nikasoma: "Mke wangu Nyamizi, leo naenda Bukene kwa lori la Erasmus. Tumegombana, anasema twende tukayamalize. Nisiporudi, aulizwe yeye." Jina lilinitoka mdomoni kabla akili haijalifikia.

Saidi na Bi Zuwena waliaga hapo hapo, kila mmoja na shughuli yake ya ghafla. Erasmus alibaki. Alichomoa waya wa umeme mwenyewe, akasuuza kikombe chake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwangu, kisha akauliza, "Mwenye mashine anakuja lini?" Niliogopa, nikamjibu ukweli: kesho, kwa basi la saa 4:30 asubuhi.

Sikupata usingizi. Leo asubuhi nilitoa diski ya ile kompyuta nikaifunga kiunoni ndani ya kanzu. Saa 2:45 nilipofungua mlango, Erasmus alikuwa amekaa barazani kwangu. Nikamdanganya kwamba nakuja hapa polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea. Akasema, "Twende wote, Majidi. Ukimaliza, tutampokea mgeni wako stendi." Njia nzima alinishika mkono.

Nimempigia Bi Nyamizi mara sita, simu haipatikani. Basi lake linaingia saa 4:30. Erasmus yuko nje kwenye benchi, ananisubiri. Afande, naogopa, na sijiogopei mimi peke yangu. Mama wa watu alitaka neno moja tu la mumewe, na mimi nimemtajia huyu saa ya kumkuta.

Nimesomewa yote haya, na ndivyo nilivyoona na kusikia.

Sahihi: M. M. Kaseko

Maelezo nimeyaandika mimi, Koplo Julieth, na nimepokea diski moja. Saa 4:20 asubuhi nimetoka nje kumwita Erasmus ahojiwe. Benchi ni tupu. Tunaelekea stendi.