Nafasi Moja Uwanjani

Jumatatu, 3 Desemba 1951

Eusebio amerudi likizo! Lori lilimwacha Mingoyo, akamalizia kwa baiskeli ya kuazima. Amekonda mume wangu.

Mkataba wake wa jeshi la Keya unakwisha mwezi huu. Meja wao anataka atie sahihi tena, waende vitani Malaya. Jina gani hilo la nchi! Nilidhani ananitania. Hatanii. Kaka Alfonsi alikwenda Burma hivyohivyo — mpaka leo mama hajui kaburi lake.

Nimesema hapana.

Jumatano, 5 Desemba

Uwanja wa ndege hapa Lindi wanatafuta mtu wa redio, wa kuongea na ndege za abiria. Kazi yake ileile ya jeshini — bila bunduki! Nimemsindikiza mwenyewe, asije akageuka njiani.

Tumemkuta rubani, Mzungu mwenye kipara, anamenya chungwa. Kumbe naye alirusha ndege za vita, akaacha. Eusebio kamuuliza kama hajuti. Kasema anajuta siku mojamoja, ila anawaona wanawe wakikua.

Bwana wa uwanja anataka jibu Jumatatu.

Ijumaa, 7 Desemba

Meja kaja mjini kuandikisha askari. Kapita hadi kwetu! Kiswahili chake cha kambini, kila neno amri. Analalamika: marubani wanakimbilia kampuni za ndege, sasa na watu wa redio — jeshini atabaki nani? Kamwahidi Eusebio cheo. Kisha kanigeukia, eti namzuia mwanamume.

"Ndiyo, Bwana Meja. Namzuia."

Kaondoka, chai hajaimaliza.

Eusebio kacheka mpaka machozi. Halafu kaenda kung'arisha buti zake za jeshi. Sikupenda.

Jumapili, 9 Desemba

Tumetoka misa, tumemkuta Damiani barazani, na sare yake ya jeshi. Eusebio ndiye aliyemfundisha redio. Wamelala hema moja miaka mingi. Mkataba wa Damiani nao unakwisha. Nikajua katumwa na Meja. Nikapika hata hivyo — mgeni hafukuzwi akiwa na njaa.

Walipokwisha kula, Eusebio kamwambia, "Haya, sema ulichotumwa."

"Nimetumwa nikwambie vijana wanakuhitaji, afande."

"Na wewe?"

Damiani kanawa mikono polepole. Kaniangalia mimi, si yeye. "Shemeji, pale uwanjani... wanataka mtu mmoja tu?"

Mkewe, Rosalia, ana mimba ya kwanza. Najua. Nimejibu kabla mume wangu hajafungua kinywa:

"Mmoja tu."

Wamekaa nje mpaka sasa. Mimi nimepiga pasi shati jeupe la Eusebio la kesho.

Kaingia sasa hivi. Anauliza mashati yake yako wapi — Damiani hana nguo za kiraia, na kesho wanakwenda uwanjani wote wawili.

Nimemwonyesha sanduku. Lile jeupe nimelikalia.