Yule Aliyezikwa kwa Jina la Moy

Herndon, Virginia
Alhamisi, 27 Machi 2025

Mdogo wangu Edah,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua, ingawa kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba mvua imewahi huko Isukha. Hapa baridi inaondoka kwa kusitasita. Binti yangu Abigail hajambo, anatoka kwa haraka, anarudi kwa haraka. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na nilipomuuliza ni miezi mingapi, akaanza kuniuliza habari za chakula. Ndiyo maana ninakuandikia kwa mkono wangu, kidogo kidogo, kwa sababu kuna jambo nimewaficha watu wote kwa miaka arobaini na miwili. Huko Uchina kuna mtu aliyezikwa kwa jina la mwingine, na mimi ndiye niliyempa jina hilo.

Unakumbuka nilivyokwenda kusoma Australia. Watu waliuliza Mluhya anatafuta nini kwa Wachina wa kale, nami niliwajibu kwamba baba yetu alichimba dhahabu ya Wazungu Kakamega na jina lake halikuandikwa popote. Nilitaka kuwajua wachimbaji wengine waliosahauliwa hivyo. Wachina hao walifika miaka ya 1850. Koloni la Victoria lilitoza kila Mchina pauni kumi akishuka katika bandari zake, kwa hiyo manahodha waliwashusha koloni la jirani, nao wakatembea wiki kadhaa hadi machimboni, mizigo ikining'inia kwenye miti mabegani. Walichukua mchanga ambao Wazungu walikuwa wameshauosha na kuuacha. Wakauosha tena kwa subira, wakapata dhahabu, na kwa kosa hilo wakachomewa mahema.

Aliyekufa hakuzikwa ili abaki kule. Wenzake walimlaza kaburini kwa miaka michache tu, pamoja na chupa yenye kitambaa kilichoandikwa jina lake na kijiji chake, kisha wakafukua mifupa, wakaiosha na kuisafirisha kwao. Wewe unayenipigia simu kila Jumapili kudai nisizikwe Virginia huhitaji kufafanuliwa hamu hiyo.

Wengi hawakuwahi kufukuliwa. Mwaka 1983 barabara ilipanuliwa kupitia makaburi yao katika mji mmoja mdogo, nami nikaombwa kusimamia kazi ya kuyahamisha. Ukoo wa Moy ulikuwa umeandika kutoka Guangdong ukimtafuta babu yao, Moy Tung. Jumanne moja nilipata chupa mbili katika makaburi mawili yaliyopakana. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba chupa haitoki shimoni kabla ya kupigwa picha ikiwa na mifupa yake. Lakini wingu lilikuwa linakuja, na mimi nilikuwa na pupa ya kuona majina. Nilizitoa zote mbili, nikazifuta tope, nikaziweka juu ya boneti ya gari. Katika moja lilikuwamo jina la Moy. Ya pili wino ulikuwa umefutika. Nilipogeuka kurudi mashimoni, sikukumbuka tena ipi ilitoka wapi.

Sikumwambia mtu. Nilichagua kaburi la mashariki, nikatia sahihi cheti, na mifupa hiyo ikapelekwa Guangdong kama Moy Tung. Yule mwingine tulimzika upya ng'ambo ya barabara, chini ya kibao kilichoandikwa kwamba hajulikani. Sura ya mwisho ya kitabu changu, ile mliyosomewa kanisani nilipopata kazi Washington, inasimulia jinsi Moy alivyorejeshwa kwao.

Sasa sikia yaliyonifika. Mwezi wa Januari mama mmoja aitwaye Lorraine Moy, mfamasia mstaafu, aliona jina langu kwenye cheti kile katika karatasi za marehemu baba yake, akanitafuta, akakuta tunakaa mji mmoja. Huja kila Jumamosi na machungwa. Jerotich, binti wa Iten anayenihudumia, hanipi nafasi. Juzi aliniambia, "Mzee, huyu anakuletea machungwa, na mimi kazi yangu ni kukupima presha baada yake." Na kweli presha hupanda. Lorraine hunishika mikono yote miwili na kuniita Profesa. Amenieleza kwamba baba yake alikufa ametulia kwa sababu babu alikuwa amerudi nyumbani. Jumapili hii ataondoka na ndege pale Dulles na jamaa thelathini kwenda kusafisha kaburi, kama wafanyavyo kila Aprili, na safari hii watasimamisha jiwe jipya. Kesho kutwa ataniletea maneno ya jiwe hilo niyathibitishe kwa sahihi yangu.

Nilimdokezea Abigail. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mifupa haina habari, na kwamba nimwache yule mama na furaha yake. Jerotich alikuwa akinifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Abigail alipotoka, akaniuliza, "Na yule Moy mwenyewe, nani anamsafishia?" Kisha akaniambia nitulie, mashine inasoma vibaya nikisogea.

Edah, sitatia sahihi. Jumamosi nitamwambia Lorraine, hata kama ataondoka na machungwa yake na kuniacha na aibu. Lakini maneno ya mzee mgonjwa hayatoshi kumrudisha babu yake, ninahitaji ushahidi. Lile sanduku la bati nililokuachia, nikakukataza kulifungua kwa kudai lina sumu ya wadudu, halina sumu. Lina daftari la kijani. Jerotich atazipiga picha kurasa hizi leo na kuzituma kwa simu ya mwanao Eliudi, akusomee. Najua naye atasikia, asikie. Avunje kufuli, apige picha kurasa za Juni 1983, azitume kwa Abigail kabla ya Jumamosi. Humo kuna ramani na namba ya lile kaburi la ng'ambo ya barabara, mahali alipo hadi leo.

Nisalimie mke wa Eliudi na wajukuu, na wazee wa kanisa. Waambie kitabu kile wasikiazime tena. Kuhusu mahali pa kunizika, nitakubali mtakaloamua. Sina haki ya kuchagua.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeandika kana kwamba nilibahatisha na sikujua. Moy Tung aliangukiwa na udongo shimoni mwaka 1857. Daktari wa machimbo aliandika kwamba mfupa wa paja la kushoto ulivunjika ukaunga kwa kupinda, na kwamba alichechemea tangu hapo. Mimi mwenyewe niliinukuu rekodi hiyo. Siku ya kukabidhi, mzee aliyetumwa na ukoo aliosha mifupa kwa mikono yake, akilia, nami nikimpokeza mmoja mmoja. Nilimpa paja la kulia, kisha la kushoto. Yote mawili yalikuwa yamenyooka kabisa, na nililiona hilo kabla hajalipokea. Aliniuliza kama huyu ndiye. Nilimwambia ndiye.

Kaka yako,
Elkanah