Pini ya Tano

Karatu,
17 Novemba 2002

Dada yangu mpendwa Germana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama wima, maana Piusi alipopita hapa Jumamosi aliniambia kiuno kimekusumbua tangu mlipopura maharage. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea Pasaka, itumie mwenyewe, usimwachie shemeji anayejichua mgongo mzima kila akibeba ndoo moja. Watoto wote nawasalimu, na Baba mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi mwili ni mzima. Mvua zimeanza kwa kusitasita, na wenye mashamba huku juu wanatazama mawingu kama sisi tulivyokuwa tukifanya.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli nimefunga karakana. Pili, kama ni kweli wanavyosema huko Mbulu, kwamba bastola niliyoifunga mimi ilikataa kulia na mtu akaumia. Yote mawili ni kweli. Nitakueleza tangu mwanzo, maana wewe ndiye uliyeuza ng'ombe wako nikapata vyuma vya kazi nilipotoka jeshini, na sitaki uisikie habari hii kwa watu wa mnadani.

Mwenye bastola anaitwa Elieshi. Hujawahi kumwona na hujapata hasara. Ni mfanyabiashara kutoka Machame aliyeingia Karatu na gari moja la kubeba watalii, sasa ana matatu, na duka la vifaa kule Wasso. Huvaa kizibao cha mifuko kumi na miwili kama mwindaji, na katika mifuko yote hiyo sijawahi kumwona akitoa kitu zaidi ya kijiti cha meno. Akiwa na Wazungu husema nasi kwa Kiingereza, hata akiomba maji kwa Cresensia, yule mama anayepika chakula jirani na karakana yangu, ambaye Kiingereza chake ni gudi moning basi.

Kwa sababu ya safari za Wasso, njia yenye wezi, alipewa kibali cha bastola. Mtu mwenye akili angeifunga kiunoni akanyamaza. Elieshi alijiunga na klabu ya shabaha Arusha. Nilikwenda kutazama siku moja. Ni wanaume wenye vitambi wanaokimbia kati ya mbao, wakitoboa makaratasi, na mwenzao mmoja amesimama na saa kuwapima nani kawahi. Karatasi haijawahi kumkimbilia mtu wala kumrudishia risasi, lakini anayeshinda hutembea kana kwamba amerudi vitani. Nilikaa jeshini miaka minane nikitengeneza silaha za watu walioenda kweli, na hakuna hata mmoja aliyetembea hivyo.

Mwezi wa nne akaja na gazeti la matangazo kutoka Afrika Kusini na pini tano ndani ya mfuko wa nailoni. Nikufafanulie, maana bila hili hutaelewa mengine. Bastola ya aina yake haina nyundo kwa nje. Ndani mna pini inayosukumwa na springi. Ukivuta kifyatulio, pini inaruka mbele na kugonga kitako cha risasi, penye kile kidonge cha baruti tunachokiita fataki. Fataki ikigongwa sawasawa, risasi inatoka. Sasa watu wa mashindano wamegundua kwamba pini nyepesi huruka upesi zaidi, na mkono haupati muda wa kutikisika. Kwa hiyo hutengenezewa pini za madini mepesi, au za chuma kilichotobolewa ndani, wapate nukta ya sekunde ambayo hata jogoo haijui.

Ubaya ni kwamba kitu chepesi hakigongi kama kizito. Risasi za mashindano zina fataki laini, zinakubali kuguswa tu. Risasi za kawaida, hizi tunazozipata Arusha, fataki zake ni ngumu. Kwa hiyo kuchagua pini si kupima ipi ni nyepesi. Unaitazama kwa kioo cha kukuzia kama ina ufa. Unaiviringisha juu ya kioo cha dirisha kama imepinda. Halafu unaijaribu kwa risasi ngumu, siyo tano, hamsini, na kila moja unatazama kina cha alama iliyoachwa. Yenye kukataa hata mara moja, ya kutupa.

Nilimweleza Elieshi hayo yote. Alikuwa akijitazama kwenye kioo changu cha kunyolea, akichomoa bastola tupu na kuirudisha, akichomoa na kuirudisha. Dereva wake, Kisioki, Mmaasai wa Soitsambu aliyemwendesha miaka sita, ndiye aliyesikiliza. Aliniuliza kwa nini mtu asiwe na pini mbili, nyepesi ya mchezo na nzito ya njiani. Nikasema hilo ndilo jibu la mtu mzima. Elieshi akacheka akasema hana muda wa kufungua bastola kama mtu anayebadilisha nepi. Halafu, Cresensia akiwa mlangoni na sinia, akasema Wambulu tungebaki kwenye ngano na maharage, kazi za vyuma zina wenyewe, na kwamba yeye hanilipi nifikiri, ananilipa nifunge.

Nilizijaribu pini zote tano. Mbili zilikuwa na ufa. Ya tatu imepinda. Ya nne ilikuwa nzuri. Ya tano ndiyo iliyokuwa nyepesi kupita zote. Aliporudi nikamwekea mezani ya nne na ya tano. Akazipima kiganjani kama mtu anayenunua dhahabu, akachukua ya tano. Nikaifunga. Mashindano yakafanyika Saba Saba, akashika nafasi ya pili, akapewa kikombe cha bati, akakizungusha mji mzima juu ya boneti ya gari. Kwa mwezi mzima hapakuwa na mtu wa Karatu ambaye hakukishika kikombe kile kwa lazima.

Mwezi wa tisa walikuwa njiani, yeye na Kisioki, kutoka Wasso kwenda Oloipiri na mzigo wa mabati. Saa tisa mchana, kwenye korongo kavu, wakakuta mawe barabarani na watu watatu, wawili na mapanga, mmoja na gobore. Elieshi alichomoa bastola, na Kisioki mwenyewe anakiri kwamba alichomoa upesi kweli. Akamlenga mwenye gobore, akavuta. Ikasema kt. Hakuna kingine. Yule mwenye gobore aliogopa akafyatua, gololi zikapita kwenye mlango wa gari zikaingia gotini kwa Kisioki. Elieshi akaivuta bastola kwa nyuma, ile risasi iliyokataa ikaruka nje, akavuta tena, ya pili ikalia hewani, wezi wakakimbia. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika, lakini goti la mtu lilikuwa limekwisha.

Polisi walikuja kwangu baada ya siku nne. Nikawaambia nilimwekea mwenye bastola pini mbili mezani, akachagua mwenyewe. Wakaandika, wakafunga daftari, mmoja wao akasema matajiri hawashauriki. Tukacheka.

Dada, hapa ndipo nilipotaka kuiacha barua hii. Nimeisoma tangu juu na kila neno ni la kweli. Ndiyo maana inanuka.

Ni kweli alichagua mwenyewe. Lakini pini ya tano nilikuwa nimeijaribu kwa risasi ngumu hamsini, na ilikataa mara tatu. Niliandika kwenye daftari langu kwa mkono wangu. Ilikuwa ya kutupa. Aliponiuliza ipi ni ipi, nilimwambia zote mbili ni nzima, ila hii ndiyo yenye mbio. Nilijua atachukua ipi, kama unavyojua mbuzi atakwenda upande gani ukimwonyesha chumvi. Nilitaka ikatae mashindanoni, mbele ya wale wenye vitambi, asimame na mkono umenyooka na bastola isiyosema kitu. Siku ya Saba Saba nilikaa na Cresensia nikisubiri habari hiyo kama anayesubiri sikukuu. Nilidhani ataipakia risasi zetu za Arusha, kumbe kule walimpa risasi laini. Ikalia mara zote, wakampa kikombe, na mimi nikachukia zaidi.

Halafu ikafuata miezi miwili. Alipita mbele ya karakana yangu kila siku akipiga honi. Siku yoyote kati ya hizo ningeweza kumsimamisha nikamwambia lete bastola niitazame. Nilimdharau mno hata nisiweze kumsimamisha. Na pembeni yake, Dada, alikuwa amekaa yule mtu pekee aliyenisikiliza.

Mwezi uliopita nilishindwa kuendelea. Nikaenda nyumbani kwa Elieshi nikamweleza. Nilitegemea anitukane au aniite mwuaji, na nilikuwa tayari. Akasema, "Modest, mimi nilijua. Ilikataa mara mbili mazoezini, mwezi wa nane, nilipotumia risasi za kawaida." Nikamwuliza kwa nini hakuirudisha. Akasema aliogopa nikiitoa hatashinda tena. Akaniomba tunyamaze wote wawili, maana hospitali analipa yeye, na Kisioki hajalalamika.

Kwa dakika moja nilimwona mchafu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Dakika ya pili nikaona tumekaa kwenye kochi moja.

Nikamwambia kesho yake nakwenda Wasso kwa basi. Asubuhi akaja na gari, akasema panda. Tulipofika hospitali alishindwa kushuka. Akabaki ameshika usukani, injini imezimwa, nami nikaingia peke yangu.

Kisioki alikuwa amelala, mguu umenyooshwa kwenye vyuma. Mkewe, Sintamei, alikuwa amekaa chini akishona shanga. Daktari ameuokoa mguu lakini goti halitakunjika tena, kwa hiyo udereva umekwisha. Niliwaeleza yote, pini ya tano, daftari, Saba Saba, na kwamba nilitaka kumwaibisha bosi wake. La Elieshi sikuligusa, nikaona hilo ni lake. Sintamei ndiye aliyeanza kusema, kwa Kimaasai, kwa muda mrefu na bila kupandisha sauti, akinitazama usoni. Kisioki hakunitafsiria na mimi sikuomba.

Aliponyamaza, Kisioki akaniuliza, "Umefunga pini za namna hiyo kwa watu wangapi wengine?"

Nikamwambia wanne.

"Nao ulikuwa huwapendi?"

Nikasema hapana, hao sikuwa na neno nao, nilizichagua vizuri. Akauliza kama nilizijaribu zote kwa risasi ngumu hamsini. Dada, nilifungua mdomo niseme ndiyo, na ndiyo haikutoka. Mbili nilizijaribu kumi kumi tu, kwa sababu wenyewe walikuwa na haraka na mimi nilijiona fundi asiyeweza kukosea.

Akasema, "Basi msamaha tutauongea baadaye. Nenda kwa hao kwanza. Mimi nipo, sitoki hapa."

Nilipotoka nilimkuta Elieshi ameshuka, amesimama mlangoni. Akaingia. Alikaa ndani kwa muda mrefu na sijui alisema nini, ila alipotoka macho yalikuwa mekundu, akawasha gari tukarudi Karatu.

Tangu siku hiyo sijafungua karakana, na nimewapitia watatu kati ya wale wanne. Wawili pini zao ni salama, lakini nimewarudishia zile nzito zilizokuja na bastola zao, wakubali wasikubali. Wa tatu ni Mama Marsela, mjane mwenye shamba la kahawa huku juu, anayekaa peke yake na wafanyakazi wawili. Ile ya kwake nilipoitoa ilikuwa na ufa karibu na ncha, mwembamba kama unywele. Siku yoyote ingekatika. Alinikaribisha chai na kunishukuru kwa kuwa fundi mwangalifu. Nilikunywa ile chai, Dada. Kisha nikamwambia kwa nini nimekuja, naye akainuka akaondoa kikombe mbele yangu. Alifanya vizuri.

Wa nne yuko Oloipiri, nakwenda Alhamisi.

Jana nilikwenda polisi na daftari langu, nikawaomba wafungue lile lao. Safari hii hakuna aliyecheka. Wamechukua leseni na funguo za karakana, na nimeambiwa nisitoke wilayani bila ruhusa, isipokuwa hiyo safari ya Oloipiri, ambako nitafuatana na askari. Huenda kuna kesi. Sitaki wakili wa kunitafutia maneno ya kweli kama yale niliyowaambia mwanzo, hayo najua kuyatafuta mwenyewe.

Usimwambie Baba. Si kwamba namficha. Wakiniruhusu nitakuja Krismasi nimwambie kwa mdomo wangu, na wewe ukae karibu, maana najua ataniuliza kuhusu yule ng'ombe wako kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Msalimie shemeji pamoja na mgongo wake. Wasalimie Sabina na wadogo zake, na mama mkwe wako, na wote wa jumuiya wanaoniulizia, ukiona bado wanastahili kusumbuliwa na salamu zangu. Ukiwa na nafasi niandikie hata mistari miwili, unitukane ukitaka. Nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Ni mimi mdogo wako,
Modest