Mgeni Aliyepima Uwanja Wetu

Wamalwa, naelekea kuaibika mbele ya mashabiki wote wa timu yetu ya Kimbo.

Unajua tunavyobishana kuhusu kocha ajaye tangu yule wa zamani afutwe kazi. Leo mgeni alikuwa akiupima uwanja wetu kwa hatua, akiandika daftarini. Nikatangaza kwamba mtu makini hivyo ndiye kocha mpya. Nikawapanga mashabiki kama gwaride letu la shuleni, nikamkaribisha kwa hotuba.

Hotuba, Wamalwa!

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaninong'oneza: "Mzee, mimi ni mpima ardhi. Hapa panakatwa ploti za kuuzwa."

Ploti! Uwanja wetu!

Wenzangu hawakusikia. Benta anaapa kocha ametoka Thika. Mahir anamjibu, "Wacha wewe, huyo ni wa Kakamega!"

Wananingoja nithibitishe. Nami, niliyefunzwa bwenini kutosema uongo, nimewaambia tu, "Subirini."