Fimbo za Ekseli Kutoka Lembang

Lembang, 9 Februari 2019

Neng Imas mwanangu,

Asalam alaykum. Huku hatujambo, ila mvua imetuchosha na paa la jikoni linavuja palepale. Natumai wewe na huyo bibi unayemtunza huko Taiwan mu wazima.

Unasema gari lako la rimoti linakwama kwa tumbo juu ya mawe. Kosa ni la fimbo za chini zinazoshika ekseli. Zimenyooka mno, jiwe likiingia katikati zinalikalia. Nimekukatia mpya za alumini na kuzipinda kuelekea juu ili jiwe lipite. Lakini fimbo iliyopindwa ina ujanja wake: hujigeuza kwenye kiungo, pindo likaangalia chini, ikawa mbaya kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana ncha moja nimeifunga kwa bolti mbili. Mang Oman wa klabu yetu ya magari ya rimoti alijifanya fundi, hakufunga zake, Jumapili gari likaning'inia jiweni. Tulimcheka mpaka akaondoka bila kumaliza chai.

Abah wako


Taichung, 3 Machi 2019

Abah mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Bibi naye hajambo kidogo, bado anakula kwa mkono wangu tu, wa mwingine anaukataa.

Fimbo zimefika, nikazifunga Jumapili kule mtoni. Usikasirike, Abah. Gari linakwenda upande kama kaa. Nimezipima: ya kulia imepinda kuliko ya kushoto, na tundu moja la bolti liko nje ya mstari. Wewe uliyekuwa ukinitupia kazi yangu uani ikikosea unene wa ukucha! Shangazi Wiwin aliwahi kuniambia kikombe kinakutetemeka mkononi, nikadhani ni umbea wake.

Mkataba wangu unaisha Juni. Waajiri wanataka nisaini miaka mitatu mingine. Kama u mzima nitasaini, kama unaumwa narudi nyumbani. Niambie ukweli tu, nitakuamini.

Mwanao Imas


Lembang, 21 Machi 2019

Neng,

Marahaba. Unaniuliza mikono ina nini? Ina binti mjuaji, huo ndio ugonjwa wake. Drili imezeeka na jiliwa la kubania chuma limelegea, basi. Nimefungua giaboksi za mabasi miaka thelathini na moja, leo nishindwe na kijiti cha alumini? Na huyo dada yangu Wiwin mdomo wake hauna breki.

Nakutumia jozi nyingine. Mashindano ya klabu ni Agosti na nitashiriki, muulize Mang Oman nani atashinda.

Saini. Mimi mzima wa afya.

Abah wako


Taichung, 14 Aprili 2019

Abah mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hivyo, roho yangu imetulia. Jozi ya pili imekaa sawasawa, gari linapanda mawe bila kugusa tumbo. Nimeshasaini. Mshinde Mang Oman mwezi huo wa Agosti.

Mwanao Imas


Lembang, 2 Septemba 2019

Neng Imas mwanangu,

Asalam alaykum. Huu ni mwandiko wa shangazi yako Wiwin. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuongeza la kwake.

Nimenyamaza miezi mitano kwa aibu. Sasa nasema. Mashindano nilikwenda. Geti la kwanza, vile vijiti viwili vya kupita katikati, nilipita, la pili nikapita, fimbo zangu za zamani hazikugusa hata kokoto. Kwenye geti la tatu gari lilikuwa limesimama vizuri juu ya jiwe, kilichobaki ni kulishusha polepole. Kidole kikajivuta chenyewe kwenye rimoti. Gari likaruka, likabiringika hadi chini.

Unajua klabu yetu. Mtu akianguka hapewi pole, anapigwa makelele mpaka atamani ardhi immeze. Siku ile hakuna aliyecheka. Mang Oman aliteremka, akaliokota gari langu, akalifuta matope kwa shati lake, akanipa mikononi akiangalia pembeni. Wangecheka, Neng, ningerudi nyumbani nimekasirika na kulala. Walininyamazia kama watu walio mbele ya maiti.

Daktari amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi. Nilianza kutetemeka tangu mwaka juzi. Nilikudanganya.

Sikuwahi kukuomba kitu. Njoo.

Abah wako


Taichung, 19 Septemba 2019

Abah wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni jikoni.

Nimewaomba ruhusa. Ya karibu kabisa wanayonipa ni baada ya Idi ya mwakani, na mtu wa kumlisha bibi hawajampata. Nitaendelea kuomba. Sitaki kukuahidi nisichonacho.

Lakini usijilaumu peke yako. Ile jozi ya pili haikukaa sawasawa. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, tundu limetobolewa mara tatu mahali tofauti, na kwenye kingo kulikuwa na damu iliyokauka. Nikaiweka chini ya kitanda, nikanunua nyingine dukani. Na barua yako ya Machi ilianza kwa mwandiko mkubwa, ukazidi kusinyaa mpaka mwisho nikausomea dirishani penye mwanga. Babu wa jirani hapa huandika hivyohivyo, naye hutetemeka, na najua ana ugonjwa gani.

Nilikaa na karatasi ya mkataba siku tatu. Nilikuwa nimechoka kuwa maskini, Abah, na ulikuwa umenipa neno la kushika. Ulinidanganya, lakini mimi sikudanganyika hata dakika moja. Nilijua, nikasaini.

Leo mchana nimemlisha bibi uji, nikamfuta kidevu, akanishika mkono akaniita kwa jina la binti yake. Nikamwitikia.

Usinisamehe haraka.

Mwanao Imas