Kitanda cha Kidoti

9 Januari

Shemeji Kinyozi,

Pokea salamu zangu, na huo wembe wako nao nausalimu. Huku niko mzima, isipokuwa kiuno, ambacho kimeamua kuzeeka kabla yangu. Na nyinyi je? Mama watoto hajambo? Yule mdogo ameshaanza kutembea, au anasubiri abebwe kama baba yake?

Najua utataka kujua kama bado tunaitana shemeji. Nimelifikiria hilo nikipiga randa. Talaka ilikuwa yangu na dada yako, wewe hukutia sahihi popote. Kwa hiyo wewe ni shemeji yangu mpaka mmoja wetu azikwe, upende usipende.

Sasa lililonisukuma. Nimemkumbuka mwanangu. Nimemkumbuka mpaka kazi zinaharibika, juzi nimekata mguu wa meza ya watu ukawa mfupi kuliko wenzake. Tangu dada yako apate kazi ya uuguzi hapo mjini kwenu na kuhama na Kidoti, sijakitia machoni kile kidoti chake cha shavuni. Hakimu alisema mtoto akae na mama, na baba amwone kwa makubaliano. Makubaliano yenyewe ndiyo haya: nikipiga simu, salamu inageuka ugomvi kabla sijauliza mtoto amekula nini. Kisa ni kile kile, pumu ya mtoto na vumbi la mbao. Anasema hawezi kumruhusu mtoto mwenye pumu alale nyuma ya karakana. Na mimi ndipo ninapolala.

Nataka Kidoti aje kwangu likizo ndefu. Basi. Sitaki kumnyang'anya mtu mtoto.

Kibanda chako kinatazamana na lango la mahakama, na mawakili wote wanakuachia vichwa vyao. Niulizie mambo mawili. Je, naweza kumchukua hata kama mama yake hataki? Na je, kama sioneshwi mtoto, kwa nini niendelee kutuma matunzo?

Usimwambie dada yako kwamba nimekuandikia. Au mwambie. Sijui.

Barua nampa dereva wa lori la mbao, yule wa kofia, hupita kwenu. Karatasi ni bora kuliko simu, haikati maneno ya mtu.

Shemeji yako,
Seremala


23 Januari

Shemeji Seremala,

Salamu zimefika na wembe umeitikia. Sote wazima. Mdogo alitembea hatua chache mbele ya wageni, wakampigia makofi, akakaa chini na tangu hapo amegoma. Kweli ni mtoto wangu. Kiuno chako pole, kipashe maji ya moto na uache kubeba milango peke yako.

Nimemuuliza wakili mmoja mwanamke anayenyoa nywele fupi kabisa. Nilingoja mpaka nimemfunga shuka shingoni, maana mtu aliyefungwa shuka haendi popote.

Swali lako la kwanza hakulingoja liishe. "Asithubutu," akasema. "Akimbeba mtoto bila ridhaa, hata hizo siku chache ambazo angepewa atazikosa." La pili aligeuka ghafla, nusura nimnyoe nyusi. "Matunzo ni ya mtoto, si kiingilio cha kumwona! Akiacha kutuma hamkomoi mama, anamkomoa binti yake. Na siku ya kusimama mbele ya hakimu atakuwa hana uso." Nikamuuliza, na mama je? Akasema na mama naye hana ruhusa ya kumficha mtoto kwa sababu amemkasirikia baba. Mtoto ana haki kwa wote wawili. Ikiwa kuna hatari ya kweli, kama hiyo pumu, hatari ndiyo ishughulikiwe.

Basi njia aliyonipa ni hii. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, uombe wawapatanishe. Watakuja kukagua mahali mtoto atakapolala. Mkielewana, iandikwe, muipeleke kwa hakimu aigonge muhuri, ili kesho asitokee mtu wa kusema alikuwa anatania. Na alipokuwa anatoka, kichwa kinang'aa, akanirudia: "Mwambie mapenzi anayo, hilo tumeshaelewa. Aoneshe chumba."

Dada yangu nimemwambia. Ulitaka nisimwambie na nimwambie, nikachagua lililo rahisi. Alikuwa anakunja sare zake. Akamaliza kwanza rundo lote, kisha akasema, "Aoneshe atakapolala." Hayo tu. Ila mimi namjua tangu akinyonya kidole. Angekataa, ungesikia kelele mpaka huko.

Shemeji yako, upende usipende,
Kinyozi


4 Machi

Shemeji wangu Kinyozi,

Hujambo, na wote nyumbani? Kiuno kimepona. Sijui ni maji ya moto au ni furaha.

Nimehama karakana! Nimepata chumba ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali lakini moyo wake mweupe. Madirisha mawili, sakafu ya saruji, hakuna zulia la kukusanya vumbi. Bomba liko uani. Sharti lake ni kwamba nioge na kubadilisha nguo pale bombani kabla ya kuvuka kizingiti, na viatu vya kazi nivilaze nje kama mbwa. Nimekubali yote. Ananiita "mwanafunzi".

Na nimemtengenezea Kidoti kitanda. Kwa mbao niliyoitunza miaka, sikutaka kuiuza kwa mtu. Kichwani nimechonga ndege wawili. Nimekipaka vanishi mara tatu, unaweza kujitazama ukichana nywele, kama umebakiwa nazo. Ofisa wa ustawi anakuja wiki ijayo.

Yule wakili akija tena, mnyoe bure, uniambie niifidie kwa kiti. Ahsante, shemeji. Nilikuwa gizani, umeniwashia taa.

Shemeji yako,
Seremala


9 Machi

Shemeji,

Salamu baadaye. VANISHI? Chumba cha mtoto mwenye pumu? Fungua madirisha yote sasa hivi. Toa kitanda nje. Ukisoma hii baada ya ofisa kupita, basi na wewe pole, na dereva wa lori nitamnyoa upande mmoja.

Kinyozi


18 Machi

Shemeji,

Natumai mko salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilifika jioni ya siku ambayo ofisa alikuja asubuhi. Usimnyoe dereva upande mmoja, alipata pancha.

Ofisa alipoingia chumbani alikohoa. Yeye, mtu mzima asiye na pumu. Mwalimu wangu akamfungulia dirisha akinitazama kama niliyeandika matusi ubaoni. Mimi nilinusa harufu ya kazi iliyokamilika, pua yangu imeizoea, sikujua kama ni harufu kwa mtu mwingine. Hata hivyo hakunigombeza. Alikisifu kitanda, akawagusa wale ndege. Kisha akaniuliza, "Baba, mtoto ana urefu gani?"

Nikamwonesha kwa mkono, hapa kwenye mshipi.

Akaushika mkono wangu, akaupandisha polepole mpaka kifuani. "Nilikwenda kumwona wiki iliyopita," akasema. "Yuko hapa."

Shemeji, miaka yote hii napima vitu vya watu, na sijawahi kukosea kipimo namna ile. Nimemtengenezea kitanda mtoto wa zamani. Huyu wa sasa miguu ingening'inia nje. Nilikaa kwenye ule ubao nikalia, na ofisa akajifanya anaandika.

Hakuandika kwamba hapafai. Aliandika kwamba hapajawa tayari, na atarudi kabla ya shule kufungwa. Nashukuru kwa hilo. Lakini najiuliza kama dada yako hakuwa na haki tangu mwanzo, kwamba baba asiyejua mwanawe amefika wapi amwache tu alipo. Niambie kweli. Niendelee au niache?

Matunzo ya mwezi huu nimetuma, usiniulize.

Shemeji yako,
Seremala


6 Aprili

Shemeji Seremala,

Habari za huko? Sisi wazima, na mdogo ameacha mgomo. Sasa anatembea kila mahali isipokuwa anapoitwa.

Nilikasirika niliposoma lile neno "niache", nikaiweka barua chini ya chupa ya spiriti nisije nikakujibu vibaya. Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu, na seremala hapimi mtoto aliye mbali. Kosa si lako kutojua urefu wake. Kosa lingekuwa kuujua sasa na ukakaa kimya.

Kwa hiyo nilimwita Kidoti kibandani baada ya shule, nikamlaza kwenye benchi la wateja, nikampima kwa uzi wa kufungia vifurushi, kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Akacheka sana, akauliza kama nataka kumtengenezea jeneza. Ulimi huo hakuupata kwetu. Nikamwambia ni siri ya mjomba, akaenda kununua maji.

Uzi ulikuwa juu ya meza, kando ya bahasha yenye jina lako, mama yake alipoingia. Ametoka zamu, bado ana sare. Akaangalia bahasha, akaangalia uzi. "Ni wa nini?" Nikamwambia yote, shemeji, mkono wa ofisa, ndege wawili, na hata kwamba ulilia. Utanisamehe. Nilidhani atautupa.

Aliuchukua akautandaza juu ya benchi, akautazama muda mrefu. Kisha akafunga fundo pale mwanao alipoishia. Akachukua donge la uzi, akaunga kipande kingine kirefu, akakata. "Mwambie fundo ndipo alipo sasa," akasema. "Lakini kitanda kifike mwisho wa uzi. Sitaki amtengenezee kitanda cha likizo moja."

Mimi nikageuka nikajifanya nafagia nywele. Kibanda nilikuwa nimeshakifagia.

Akaongeza mengine, naye ni muuguzi, lazima atoe maagizo. Mbao isipakwe kitu. Isuguliwe kwa msasa, nje, ifutwe kwa kitambaa cha maji, basi. Na siku ya kumchukua uje mwenyewe, akufundishe ile dawa ya kuvuta, lini aivute na lini umkimbize hospitali. Akafika mlangoni, akasimama. "Tulivyokuwa tunagombana wote ule muda, hajawahi kuacha kutuma matunzo. Nilikuwa naliona." Nami nakwambia na wewe ulione, kwamba ameliona.

Uzi umo ndani ya bahasha. Usiukate.

Shemeji yako,
Kinyozi


27 Agosti

Shemeji wangu, ndugu yangu Kinyozi,

Nakusalimu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Natumai nyote mko salama, na mdogo bado anawakimbiza.

Yamekwisha kama ulivyosikia kwa dada yako, lakini acha na mimi nikusimulie. Kitanda cha kwanza amekichukua mwalimu wangu kwa ajili ya mjukuu wake. Cha pili nilikipima kwa uzi, mara mbili, mara tatu, mwalimu akashika ncha moja kuhakikisha simwibii mtu. Hakina vanishi, hakina ndege. Ofisa alivuta pumzi ndefu mlangoni, akatabasamu, akaandika. Hakimu aligonga muhuri: kila likizo ndefu kwangu, na nyingine kwa zamu. Dada yako alisimama kando yangu pale mbele. Tulipotoka, nilimwambia ahsante. Akanijibu, "Rudia jinsi ya kutumia dawa." Nikarudia yote. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Sasa Kidoti yuko hapa. Amenizidi maneno, amemzidi hata mwalimu. Pumu imemgusa siku moja tu, nikafanya kama nilivyofundishwa, na ikapita. Mama yake tulimpigia simu kumwambia, tukazungumza mpaka salio likaisha, na hakuna aliyegombana.

Asubuhi nikienda kumwamsha, naona miguu yake imefikia pale fundo la uzi lilipoangukia nilipopima. Chini yake pamebaki nafasi tupu, imetandikwa shuka. Huwa nasimama naitazama, shemeji. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Kuna watu huachana wakagawana masufuria. Mimi na dada yako tumeachana, na akanigawia miaka ijayo ya mwanangu.

Yule wakili kiti chake kinakuja na lori. Wewe chako ni kile cha kuzunguka, cha wateja, usiseme hukuulizwa rangi. Nilitaka kuandika zaidi kuhusu shukrani, lakini Kidoti amesimama hapa na uzi mkononi, anataka apimwe tena. Anasema tangu juzi amerefuka.

Shemeji yako,
Baba Kidoti